Kutu kwenye bastola ya stenlesi: waya wa shaba, Brasso, limau au stilwaya, utumie ipi bila kuharibu finishi?

Jumapili moja baada ya masika nilikuwa Kigamboni kwa mjomba, nikamkuta barazani ametandika gazeti mezani na rivolva yake ya stenlesi iko juu, silinda, ile sehemu ya mviringo inayokaa risasi, imefunguliwa, haina risasi hata moja, pembeni kuna kopo la mafuta na dada wa kazi ndo anarudi dukani ameshika stilwaya mpya ya kusugulia masufuria. Nikamwambia mjomba ngoja kwanza, usiiguse na hiyo. Akaniangalia, akasema, "Mpwa wangu, hii si stenlesi? Na sufuria si stenlesi? Kama sufuria inasuguliwa na hii kila siku, bastola ina nini?"

Swali la haki kabisa, na nimeulizwa na watu wengi wanaomiliki kihalali na wanaishi huku karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi, Msasani, kwaiyo leo nimeamua kuandika vizuri, niweke njia zote ambazo watu wa hapa Dar wanatumia, kila moja inafanya nini kwenye kutu na inafanya nini kwenye chuma chenyewe, ili ukichagua ujue umechagua nini. Finishi ya bastola, yaani ile sura ya uso wa chuma kama ilivyotoka kiwandani, ikishaharibika hairudi kwa kufuta na kitambaa.

Kabla ya yote, stenlesi inashika kutu. Stenlesi ni chuma chenye kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, hiyo kromiamu ikikutana na hewa inatengeneza utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na huo utando ndo unaozuia kutu. Adui yake mkubwa ni chumvi. Chumvi ya jasho, chumvi ya upepo wa bahari, inatoboa ule utando sehemu ndogo ndogo na kutu inaanzia hapo. Afu kuna jambo watu hawaambiwi, stenlesi ya bastola mara nyingi sio ile ya sufuria. Sufuria nzuri ni daraja la 304, vifaa vya boti ni 316, lakini mitutu na slaidi nyingi (slaidi ni kile kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma ikilia) zinachongwa kwenye aina za familia ya 400, mfano 416, ambayo imeongezewa salfa kidogo ili ichongeke kirahisi kiwandani, na hiyo salfa inapunguza uwezo wake wa kuhimili kutu. Smith & Wesson walitoa Model 60 mwaka 1965, rivolva ya stenlesi, na tangu hapo watu wakaamini wamepata silaha isiyohitaji kufutwa. Inahitaji. Inavumilia zaidi ya chuma cheusi, basi.

Na kabla hujagusa chochote toa risasi zote, toa magazini, angalia chemba, yaani tundu la mtutu linaloingia risasi, kwa macho afu ingiza na kidole, risasi zipeleke chumba kingine kabisa. Sio kwa usalama tu, mafuta yakiingia kwenye risasi yanaweza kuua fataki yake, ile ya kuwashia baruti, na siku unayoihitaji isilie.

Sasa kabla ya dawa, jua una finishi gani, maana dawa moja ni nzuri kwa huyu na ni sumu kwa yule. Iweke kwenye mwanga wa dirisha uigeuze geuze. Ukiona vimistari vyembamba vyote vinaelekea upande mmoja, hiyo ni finishi ya brashi. Ukiona imefifia kama kioo kilichopulizwa pumzi, haina mistari, haina mng'ao, hiyo ilipigwa na vumbi la vioo kiwandani, naiita ya vumbi. Ukijiona uso, hiyo ni ya kioo. Na kama ni nyeusi juu lakini ndani ni stenlesi, hiyo ina koti, yaani tabaka gumu la juu lililowekwa kiwandani, nitraidi na PVD ni majina ya aina zake.

Kuna na ya tano inayodanganya wengi, bastola nyeupe inayong'aa ambayo sio stenlesi kabisa, ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Watu wanasema pima na sumaku, sumaku haikusaidii hapa, maana stenlesi ya familia ya 400 nayo inashika sumaku kama msumari tu. Soma jina la modeli, tafuta taarifa za kiwanda. Kama ni nikeli na kutu inatokea chini ikiinua magamba, usisugue na kitu chochote, paka mafuta na upeleke kwa fundi wa silaha mwenye kibali.

Haya, tuje kwenye njia zenyewe.

Mafuta na shaba

Hii ndo ninayoanza nayo siku zote, na mara nyingi naishia hapo hapo. Kutu ya juu juu imeshika chuma kidogo tu, ukiilainisha na mafuta inaachia. Kinachotakiwa ni kitu kigumu cha kutosha kuikwangua lakini laini kuliko stenlesi, na shaba ndo hiyo. Shaba ikikutana na stenlesi, shaba ndo inalika.

Mjomba hakuwa na brashi ya shaba, kwaiyo nilichukua kipande cha waya wa umeme, ule mnene wa kufungia soketi, nikauchuna plastiki, nikaukunja mara tatu, ncha nikaigonga na nyundo mpaka ikawa bapa kama kucha ya kidole kidogo. Nikapaka mafuta kwenye vidoa, tukaacha kama dakika kumi na tano tukinywa chai, afu nikaanza kusukuma ile ncha taratibu, bila nguvu, kwa kufuata mistari ya finishi. Mafuta yakaanza kugeuka rangi ya chai ya rangi. Ukiona ivo, ndo kutu inatoka. Nikafuta na kipande cha fulana ya pamba, nikapaka tena, nikarudia. Vidoa sita vya kwenye fremu vikaisha kama nusu saa, na mistari ya kiwanda iko vile vile. Shaba inaweza kuacha alama ya wekundu wekundu juu ya chuma, hiyo usihangaike, inafutika na mafuta na kitambaa.

Kama una eneo kubwa, nunua brashi ya shaba yenye umbo la mswaki, au pamba ya shaba. Hapo angalia sana. Stilwaya nyingi za rangi ya shaba zinazouzwa kwenye masupamaketi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu juu. Hapa ndo sumaku inafanya kazi, beba sumaku ya spika mbovu, isogeze, ikivuta ni chuma, iache dukani.

Hasara ya njia hii ni muda, inakula muda kweli, na haifiki vizuri kwenye kona za ndani za fremu. Huko natumia mswaki wa nailoni wa zamani na mafuta.

Brasso na dawa za kung'arisha

Brasso tumekua nayo, mikanda ya mgambo, vitasa vya milango, kengele za shule. Inatoa kutu, haina ubishi, na inatoa haraka kuliko shaba. Lakini jua inavyofanya kazi, ndani yake kuna unga mlaini sana wa kusugua pamoja na amonia. Maana yake inakula chuma kidogo kidogo mpaka kinakuwa laini na kung'aa.

Kwa bastola ya kioo hiyo ni kheri, ndo unachotaka, kitambaa laini, tone dogo, mzunguko mdogo, futa, umemaliza. Kwa finishi ya brashi ukisugua sana sehemu moja vimistari vinaanza kuzimika. Kwa finishi ya vumbi ni balaa, unatoa doa la kahawia la ukubwa wa punje ya mchele unabaki na doa la mng'ao la ukubwa wa shilingi mia, na hilo doa halitoki mpaka bastola yote ipigwe upya na vumbi la vioo. Nilishawahi kuliharibu slaidi moja hivi hivi, miaka ya nyuma, la rafiki yangu aliyeniamini, mpaka leo likipigwa na mwanga pale kwenye doa panawaka.

Usiiache ikauke kwenye vitundu na maungio, ule unga mweupe ukibaki kwenye sehemu zinazosuguana unaendelea kusaga. Kwa bastola yenye nikeli, amonia ikikaa muda inapenya chini na kuinua nikeli. Dawa ya meno ni ndugu mdogo wa Brasso, haina nguvu sana, ila ile athari ya kung'arisha ipo, kwaiyo masharti ni yale yale.

Dodoki la kijani na la kijivu

Wengi wanadhani dodoki la jikoni la kijani ni laini kwa kuwa sio chuma. Lile lina chembe ngumu za kusugulia zilizogandishwa humo ndani, linachora stenlesi waziwazi. Kuna la kijivu, linapatikana kwenye maduka yanayouza rangi za magari maana mafundi wanasugulia bodi kabla ya kupiga rangi, hilo ni laini zaidi.

Kwa finishi ya brashi peke yake, dodoki la kijivu ni chombo kizuri sana, linaweza hata kurudisha vimistari vilivyofifia. Masharti yake: mafuta yawepo, unakwenda upande mmoja tu wa mistari, kutoka mwanzo wa sehemu mpaka mwisho wake, huendi mbele na nyuma, huzungushi duara. Na jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya mpini ni pazuri. Kwa finishi nyingine zote, usilitumie.

Limau, siki na Coca

Asidi inayeyusha kutu, hiyo kweli. Limau lina asidi ya sitriki, siki ina asetiki, Coca ina asidi ya fosfori kidogo pamoja na sukari nyingi itakayonata kwenye kila kiungo. Viwandani kabisa wanatumia asidi ya sitriki kusafisha stenlesi ili utando wake ujijenge vizuri, kwaiyo anayesema limau ni ujinga hajui. Ila kiwandani wanapima kiasi, joto na dakika, na wanajua daraja la chuma walilonalo. Zile stenlesi zenye salfa nilizozitaja hapo juu ndo zile zile ambazo asidi ikizizidi zinashambuliwa, sura inakuwa nyeusi nyeusi au kijivu kilichofubaa, tena ghafla.

Ukilazimika, kwenye kipande ulichokitoa kabisa kwenye bastola, kisicho na koti, tumia pamba ya masikioni iliyoloweshwa limau, gusa kidoa tu, dakika moja mbili, suuza na maji safi, kausha kabisa, paka mafuta papo hapo. Kuloweka usiku kucha kwenye bakuli, hapana.

Na tafadhali, ile ya limau na chumvi ambayo bibi zetu wanasafishia shaba, hiyo usiisogeze kwenye bastola kabisa. Chumvi ndo iliyoleta kutu, halafu unaichanganya na asidi unaisugulia ndani ya vitundu.

Stilwaya, msasa, jiki

Hapa sina mengi. Stilwaya ya kawaida ni chuma cha kawaida, ukisugua inavunjika vinyuzi vidogo vidogo vinavyong'ang'ania kwenye stenlesi, na vile vinyuzi vinashika kutu kwenye hewa ya Dar ndani ya siku chache. Mtu anasugua Jumapili, Jumatano anaona kutu nyingi kuliko mwanzo, anasugua tena. Hilo ndo lilikuwa jibu langu kwa mjomba, sufuria kila siku linaoshwa na kuchakaa na hujali sura yake, na yale madoa ya kahawia unayoyaona kwenye sinki asubuhi mara nyingi ni kutu ya stilwaya yenyewe. Brashi yoyote iliyowahi kusugua geti la chuma nayo ni hivyo hivyo, inaambukiza.

Msasa unatoa chuma, sio kutu tu. Kubwa zaidi, usipeleke msasa wala kitu chochote cha kusaga karibu na namba ya silaha. Namba hiyo ndo iliyoandikwa kwenye leseni yako, ikififia utaanza kujieleza polisi kwa jambo ambalo nia yako ilikuwa usafi tu.

Jiki ni klorini, inatoboa stenlesi vitundu. Na ukichanganya jiki na siki au limau inatoa gesi ya sumu, hiyo ni hatari kwa mapafu yako kabla ya bastola.

Kwaiyo unachagua vipi

Kama ni ya brashi, anza na mafuta na shaba, kidoa kikigoma nenda dodoki la kijivu kwa kufuata mistari. Kama ni ya vumbi, mafuta, mswaki wa nailoni, shaba kwa mkono mwepesi sana, na ukiona panaanza kung'aa acha hapo hapo hata kama kidoa kimebaki, kidoa kidogo kilichofunikwa mafuta ni nafuu kuliko doa la mng'ao. Kama ni ya kioo, mafuta na kitambaa kwanza, afu Brasso kidogo, shaba usiitumie labda kwenye kona maana kioo kinaonyesha kila mchoro. Kama ina koti jeusi, mafuta na nailoni tu, hakuna kingine, ukikwangua koti umefungua mlango wa kutu nyingine.

Kabla ya kuamua kwamba kidoa ni sugu, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza, ni kutu ya juu, itatoka. Ukucha ukikwama, tayari ni kishimo, chuma kimeshaliwa, na hakuna dawa ya kukijaza, unatoa kutu iliyo ndani, unaweka mafuta, unaishi nacho. Kukifuta kabisa ni kusaga eneo lote linalokizunguka, na hiyo sio kazi ya barazani.

Angalia pia kutu inatokea wapi. Kwa mjomba, michirizi iliyokuwa ubavuni haikuwa ya fremu, ilikuwa inashuka kutoka kwenye skrubu na pini ambazo sio stenlesi. Na tulipofungua mpini wa mpira ndo tukakuta kiini cha tatizo, jasho la miezi limejikusanya chini yake, pamekuwa kahawia pote. Mpira haupumui. Ukiwa na rivolva yenye mpini wa mpira, ufungue angalau kila baada ya miezi michache. Zile pete nyeusi mbele ya silinda ambazo watu wanazihangaikia sana ni masizi ya baruti, sio kutu, hazina madhara, ziache.

Ukishatoa, unapaka nini

WD-40 jina lenyewe linatokana na kusukuma maji, ilitengenezwa 1953 kwa kazi hiyo, kwaiyo umenyeshewa na mvua au umetoka jasho zito, puliza, futa, nzuri. Lakini haikai, utando wake ni mwepesi, lazima ufuatie mafuta halisi. Mafuta ya cherehani ni mazuri kuliko watu wanavyodhani, meupe, mepesi, hayagandi, ila yanataka kurudiwa mara kwa mara. Mafuta ya bunduki ya aina ya CLP ni bora kwa kuwa yametengenezwa yasafishe, yalainishe na yalinde kwa pamoja, ukiyapata yachukue. Mafuta ya taa yanaosha vizuri lakini hayalindi. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda kwenye chumba cha AC na yakikaa yananata. Oili chafu ya gari hapana kabisa, ina asidi na uchafu wa injini.

Kwa anayebeba kiunoni kila siku kwenye joto la Dar, mafuta yanafutika na shati mpaka saa sita mchana. Huyo namshauri nta ya gari, ile isiyo na unga wa kusugua, paka nje tu, subiri ikauke, futa. Inakaa muda mrefu na haishiki vumbi.

Na kifuko cha ngozi ni cha kubebea, sio cha kuhifadhia. Ngozi inanyonya jasho na unyevu na kuushikilia pale pale kwenye chuma. Ukifika nyumbani itoe, ifute na kitambaa chenye mafuta kidogo, iweke kwenye sefu na vile vipakiti vya silika jeli vya kwenye maboksi ya viatu, ukivibadilisha vikishajaa unyevu.

Mjomba sa hivi kile kipande cha waya wa shaba amekifunga na kamba kwenye kopo la mafuta, na stilwaya ilirudi jikoni kwa dada siku ile ile. Mara ya mwisho nilipoenda alinifungulia mpini mwenyewe kabla sijauliza, akaniwekea kwenye mwanga, chini yake pakavu.